Mto au Njia Panda? Mtu wa Dini Mbili katika Fasihi na katika Lugha ya Mpakani, Busia na Malaba

Katika kazi nyingi za fasihi zinazosomwa kwa Kiswahili mashuleni na vyuoni mwetu, mhusika anayeshika dini mbili kwa wakati mmoja hapewi umri mrefu. Ama mwandishi humuua, ama humgeuza kichekesho, ama humlazimisha achague upande mmoja kabla ya sura ya mwisho. Makala haya yanakusudia kuuliza kama hukumu hiyo imetokana na maisha ya watu wetu, au imetokana na msamiati tulioupokea wa kuyasemea maisha hayo. Mfano tutakaoutegemea ni wa Busia na Malaba, upande wa Kenya. Hatukuchagua huko kwa sababu watu wake wana dini nyingi kuwashinda wenzao wa kwingineko. Tumechagua huko kwa sababu mpaka umewazoesha kuwa na vitu viwiliviwili bila kuona haya, na kwa sababu lugha yao ya kila siku imehifadhi jambo ambalo lugha ya vitabu imelipoteza.

Tuanze na Muthoni, kwa kuwa ndiye anayetajwa zaidi katika mijadala ya aina hii. Riwaya ya hayati Ngũgĩ wa Thiong'o (aliyefariki mwaka 2025) iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1965 inamweka binti huyu wa mhubiri Joshua kati ya mambo mawili: Ukristo wa baba yake, na tohara ya wanawake wa Kigikuyu, jambo lililozua mgogoro mkubwa baina ya wamishenari na Wagikuyu mwaka 1929. Muthoni anayataka yote mawili. Anakwenda kutahiriwa, jeraha haliponi, anafariki. Wahakiki wengi wameridhika kusema kwamba Muthoni ni ishara ya kutowezekana kwa upatanisho. Mwanafunzi hufundishwa hivyo, huandika hivyo katika mtihani, naye hupewa alama zake.

Lakini msomaji mwangalifu hana budi kugundua kwamba Muthoni hasitisiti hata mara moja. Wanaositasita ni wengine: Waiyaki anasita, Nyambura anasita. Muthoni amekwisha amua, na uamuzi wake si wa kuacha hiki akafuate kile. Hata anapokufa hatubu upande wowote. Anaondoka akiamini kwamba amemwona Yesu na kwamba amekuwa mwanamke kamili kwa desturi ya kwao. Aliyemuua ni kidonda, na nyuma ya kidonda ni mwandishi, aliyehitaji kifo hicho ili vita vya migongo miwili ya Kameno na Makuyu vipate kuwaka. Hatusemi kwamba Ngũgĩ alikosea, maana mantiki ya riwaya yake ilitaka hivyo. Tunachokataa ni kuichukua haja ya msuko wa riwaya moja na kuifanya kanuni ya maisha.

Kwa Kiswahili mambo yalizidi kukazwa. Riwaya hiyo ilipotafsiriwa katika miaka ya 1970 ilipewa jina Njia Panda. Jina la Kiingereza linazungumzia mto, ule mto ulio kati ya migongo miwili. Mto Honia huinywesha Kameno na huinywesha Makuyu, na jina lake kwa Kigikuyu linahusu kuponya na kurudishia uhai. Jina la Kiswahili limeuondoa mto na kuweka mahali ambapo msafiri hawezi kwenda kote kuwili. Hili si badiliko dogo. Mto huweza kugombaniwa na watu wawili na bado ukawanywesha wote wawili. Njia panda humtaka mtu achague, akawie au apotee. Msomaji wa Kiswahili basi ameambiwa tangu jaladani kwamba kosa la Muthoni ni kutochagua. (Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba katika uganga wetu njia panda ni mahali pa kutupia kafara na kuogeshea wagonjwa. Huenda mfasiri, bila kukusudia, ameingiza kupitia mlango wa nyuma dini ile ile ya zamani ambayo jina lake lilitaka kuifungia nje.)

Mifano mingine tutaipitia kwa haraka. Katika Arrow of God ya Chinua Achebe (1964), Ezeulu, kuhani wa Ulu, anamtuma mwanawe Oduche kanisani awe jicho lake huko, na Oduche anaishia kumfungia chatu mtakatifu ndani ya sanduku. Hapa uwili wa dini ni hila ya baba, nayo inamrudia. Wole Soyinka, katika tamthilia tunayoijua kwa Kiswahili kama Masaibu ya Ndugu Jero, ametupa nabii wa pwani ambaye dini kwake ni biashara; tunacheka, na kicheko chetu kinatuzuia kuuliza wale wafuasi wake wanatafuta nini ufukoni ambacho hawakukipata makanisani. Shaaban Robert peke yake, katika Kufikirika, ana mfalme anayewaita waganga wa kila namna mmoja baada ya mwingine ili apate mtoto, na hakuna anayemwita mfalme huyo mnafiki. Anaonekana mtu mwenye shida anayebisha kila mlango. Lakini Kufikirika husomwa kama hekaya ya kumsifu mwenye akili dhidi ya washirikina, na kwa usomaji huo kubisha kwenyewe hakutazamwi.

Lugha ya kuingia na lugha ya kwendea

Chanzo cha matatizo haya kimo ndani ya lugha. Msamiati wa Kiswahili unaohusu dini ulijengwa kwanza na Uislamu, kisha ukaongezwa na wamishenari, na wote wawili walitaka jambo moja: mtu awe ndani au awe nje. Ndiyo maana vitenzi vyetu vya dini ni vitenzi vya nyumba na njia. Mtu huingia dini, hutoka katika dini, huiasi, huritadi. Husilimu, hubatizwa, huongoka, huokoka, na walokole wakimwona amelegea husema amerudi nyuma. Katika msamiati huu, anayeingia nyumba ya pili lazima awe ametoka ya kwanza. Kama hakutoka, hakuna kitenzi cha kumsemea isipokuwa vya lawama: anachanganya, ana ndimi mbili, anazini na miungu mingine.

Sasa tazama upande wa pili. Mtu haingii pepo. Ana pepo, au pepo wamempanda. Haingii mizimu; huitambikia. Kwa mganga haingii. Huenda kwa mganga, na kesho anaweza kwenda kwa mwingine. Sarufi ya upande huu ni ya kuwa na, na ya kwenda kwa. Haidai mtu mzima. Yadai jambo lake, siku yake, kuku wake. Kwa hiyo tuna sarufi mbili za kuhusiana na mambo ya ghaibu ndani ya lugha moja, na neno dini limewekwa upande mmoja tu. Ndiyo maana Waswahili wa pwani waliweza kusema kwamba mtu asiyesali hana dini, hata kama mtu huyo anatambika kila msimu. Kwa mantiki hiyo hiyo, anayesali na kutambika ana dini moja, si mbili. Hilo la pili wanaliita mila. Pwani iliishi kwa mgawanyo huo kwa karne nyingi, mashehe wakikemea ngoma za pepo na ngoma za pepo zikiendelea, mara nyingine nyumba ya pili kutoka msikitini.

Bara mambo hayakwenda hivyo, na Busia na jirani zake ndipo tunapoona vizuri tofauti. Elijah Masinde wa Kimilili alilelewa katika misheni ya Marafiki, watu wa Quaker, akatengwa katika miaka ya 1930 baada ya kuoa mke wa pili. Harakati aliyoiongoza miaka ya 1940 ilijulikana kwa jina la Dini ya Msambwa. Tulitazame jina hilo kama watu wa lugha. Msambwa ni neno la Kibukusu na la Waluhya wengine kwa roho za wahenga na mambo yao. Dini ni neno la Kiarabu lililopokewa na Kiswahili, na lililotumiwa na misheni yenyewe kujiita. Masinde na wenzake wangeweza kusema mila ya msambwa, na pengine serikali ingewaacha wachinje kondoo wao. Hawakusema hivyo. Walilichukua neno la nyumba wakaliweka juu ya neno la wahenga, na kwa tendo hilo la nahau wakadai kwamba wahenga wao wana haki ile ile ya kumdai mtu mzima kama kanisa linavyomdai. Wala hawakuitupa Biblia yote: katika Mlima Elgon walikuwa na Sayuni yao.

Serikali ya kikoloni ilielewa sarufi hiyo haraka kuliko wahakiki wetu. Tarehe 10 Februari 1948, huko Malakisi, si mbali na Malaba, polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wakaua watu 11, na mwaka huo huo dini hiyo ikapigwa marufuku. Serikali huru nayo iliipiga marufuku mwaka 1968. Masinde alifariki mwaka 1987. Jambo moja la pembeni lenye uzito kwetu: katika majalada ya wakoloni neno dini liliingia Kiingereza chao likiwa na maana ya dhehebu la Waafrika linalotiliwa shaka. Kanisa la mzungu lilikuwa kanisa. La Mwafrika lilikuwa dini. Neno lililokuwa la heshima Mombasa likawa neno la polisi Kakamega.

Hiyo si damu ya pekee. Alfayo Odongo Mango, kiongozi wa watu wa Roho aliyekuwa mtumishi wa Kanglikana, aliuawa Musanda mnamo Januari 1934 katika mapambano ambamo dini na ugomvi wa ardhi baina ya Wajaluo na Wawanga haviwezi kutenganishwa. Tunayataja haya ili msomaji asidhani tunalisifu jambo jepesi. Kuwa na dini mbili magharibi mwa Kenya kumekuwa na gharama, na aghalabu gharama hiyo imelipwa na wafuasi, si na wakubwa wa dini.

Swali la "wapi"

Mpaka wenyewe ni wa juzi. Hadi mwaka 1902 eneo hili lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Ndipo likahamishiwa upande ambao baadaye uliitwa Kenya. Waiteso wakabaki pande zote mbili, na Wasamia vivyo hivyo. Kwa masafa fulani mpaka ni mto: Mto Malaba kaskazini, Mto Sio kusini kuelekea ziwani. Ni kejeli ya kupendeza kwamba waliochora mpaka walitumia kitu kile kile ambacho Ngũgĩ alikitumia kwa jina la riwaya yake, na kwamba watu wa hapo waliendelea kuteka maji kutoka kingo zote mbili.

Lugha ya mahali hapa inaonyesha mazoea hayo. Neno bodaboda, ambalo leo liko katika kila mji wa Afrika Mashariki, linasimuliwa kuwa lilizaliwa mpakani hapa, kwa wapanda baiskeli waliowavusha abiria na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili. Ni neno la Kiingereza la mpaka, likarudiwa mara mbili kwa kanuni yetu ya uradidi. Uradidi huo una maana: mwendo unaotajwa ni wa kwenda na kurudi, si wa kuhama. Hakuna mtu wa bodaboda aliyewahi kusemwa kwamba ametoka Kenya akaingia Uganda kwa namna ya mtu anayetoka dini akaingia nyingine.

Sasa sikiliza mtu anavyoulizwa dini yake huko. Swali la vitabuni ni "Wewe ni wa dini gani?" Swali la sokoni ni "Unasali wapi?" La kwanza ni la umiliki, na lina nafasi ya jibu moja tu. La pili ni la mahali, na mahali panaweza kuwa pengi. Mtu aweza kujibu kwamba anasali kwa Wakatoliki, na anapougua anakwenda Legio Maria. Kwa wasiojua, Legio Maria ilijitenga na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, na ikaendelea kutumia Kilatini katika ibada hata baada ya Roma yenyewe kukilegeza. Kwa mujibu wa Roma, huwezi kuwa wa kote kuwili. Kwa mujibu wa swali la "wapi", mbona ni rahisi: Jumapili huku, uponyaji kule. Vivyo hivyo katika familia za Waiteso ambamo wamo waliobatizwa: emuron hakuondoka kijijini kanisa lilipoingia, na mtu anayemwendea haoni kwamba amehama popote.

Tusiwafanye watu hawa wajinga wasiojua tofauti. Wanaijua sana, na inajulikana zaidi siku ya msiba. Mhubiri akisema marehemu hakuwa mshiriki wa meza ya Bwana, nani atamzika? Maombi ya mchana yatakuwa ya kanisa gani, na usiku ni wa nani? Je, wajane na watoto watanyolewa nywele baada ya maziko, au watoto waliookoka watakataa? Hapo ndipo mambo mawili yaliyoishi pamoja miaka 60 ndani ya mtu mmoja yanapotengana juu ya jeneza lake na kugombaniwa na watu ambao kila mmoja anashika nusu. Riwaya ya Kiswahili juu ya siku tatu hizo ingekuwa na mgogoro wa kutosha bila kumuua binti yeyote.

Mfano kutoka mbali

Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliwaona wanafunzi wenzangu wakicheza aina ya mchezo ambao kwetu haujazoeleka: wachezaji huketi mezani, kila mmoja akabeba nafsi ya mhusika, mmoja wao akawa msimuliaji, na dadu zikaamua yasiyojulikana. Ni jamaa ya hadithi simulizi, na sioni kwa nini mhakiki wa fasihi simulizi asiutazame. Mmoja wa michezo hiyo, RuneQuest, ulitolewa Marekani na kampuni ya Chaosium mwaka 1978, na unachezewa katika ulimwengu wa kubuni uitwao Glorantha, uliotungwa na Greg Stafford. Mwaka 1979 kilifuata kitabu Cults of Prax, cha Stafford na Steve Perrin, chenye maelezo ya madhehebu ya miungu mbalimbali: visasili vyake, ngazi za waumini, zaka, na majina ya madhehebu rafiki.

Kilichonivutia ni kwamba watungaji hao walilitambua tatizo letu na wakaliandikia sheria. Muumini wa kawaida hadaiwi sana. Aliyekwisha kuingizwa hudaiwa zaidi. Kuhani hudaiwa karibu maisha yake yote. Anayeiacha dini yake huandamwa na pepo wa kisasi wa mungu aliyemsaliti. Hayo ni yale yale ya lugha ya kuingia na kutoka, ila sasa yamewekewa tarakimu. Katika kitabu kilichofuata, Cults of Terror cha mwaka 1981, ikawekwa nafasi ya pekee: mtu aliyefikia mwangaza wa namna fulani aweza kujiunga na dini zinazochukiana na pepo wa kisasi wasimguse. Lakini mtu huyo anaogopwa, na kitabu chenyewe kinamweka miongoni mwa mambo ya kutisha. Hata katika ndoto za Wamarekani mtu wa dini mbili ni ama msaliti ama kiumbe asiyeaminika.

Hapo nadhani mchezo huo umepungukiwa kama riwaya zetu zilivyopungukiwa. Unadhani kwamba kuvuka kunahitaji mwangaza, yaani hali isiyo ya kawaida ya roho. Mama anayeuza omena Busia hana mwangaza wowote wa namna hiyo, wala hautafuti. Ana mtoto mgonjwa.

Hata hivyo, kitabu cha 1979 kina kitu ambacho waandishi wetu wangekitamani. Madhehebu yote yanaelezwa sambamba na safari ya mfanyabiashara mmoja, Biturian Varosh, mfuasi wa Issaries, mungu wa biashara na mazungumzo. Anapita kwa watu wa kila mungu, akiwamo asiyempenda, kwa sababu ana bidhaa, na kwa sababu wenye dini yake wameeneza lugha ya biashara inayofahamika kote. Msomaji wa Kiswahili hawezi kusoma habari hiyo bila kutabasamu. Lugha hiyo tunayo, nasi ndio walimu wake. Mchuuzi anayevuka mpaka akiwa na mtama, akijua ni siku gani mteja wake Msabato hanunui na ni mwezi gani mteja wake Mwislamu hali mchana, ni mhusika ambaye Kiswahili kilipaswa kumzaa kabla ya mtu yeyote wa Marekani. Sijamkutana naye katika riwaya zetu; nimekutana na mhubiri, mganga, mwalimu na msaliti.

Wapo watakaosema kwamba ninadai fasihi isiyo na mgogoro. La. Ninadai mgogoro uwekwe mahali pake. Haumo ndani ya mtu anayesali huku akiendea kule. Yeye mara nyingi amekwisha panga siku zake. Umo kati ya wale wanaomdai. Kuuhamisha kutoka kwao na kuutia ndani ya kifua cha mhusika, halafu kumwua kwa ajili yake, ni kuwaachia huru wenye nyumba na kumhukumu mgeni. Uhakiki wetu wa miaka ya 1970 uliotufundisha kuuliza nani ananufaika ulipofika kwenye dini uliuliza swali hilo juu ya mkoloni tu, ukawasahau mapadri, manabii na wazee wa ukoo waliogawana waumini baada ya mkoloni kuondoka.

Walimu wanaofundisha riwaya hiyo ya Ngũgĩ wanaweza kuanza na jambo dogo. Badala ya kuuliza kama Muthoni alikuwa Mkristo au Mgikuyu, waulize Joshua alipoteza nini kwa binti yake kuwa vyote viwili, na wazee wa Kameno walipata nini. Na atakayeitafsiri upya siku moja, maana tafsiri za vitabu vikubwa hufanywa zaidi ya mara moja, kazi yake ya kwanza itakuwa jaladani: kuurudisha mto.